Kanga Iliyokwenda Ahwaz

Etterbeek, Brussels
4 Oktoba 1992

Shangazi yangu Shamimu,

Salamu hizi zikukute umeketi, maana ukizisoma umesimama sijui kama miguu itakuvumilia. Mimi mzima. Nimenenepa kwa viazi vya kukaanga vya huku, na lile koti ulilolicheka kwenye picha bado ninalo, tena nimelizoea. Baba mdogo Ibrahim jino limepoa? Mbuzi wa jirani bado wanatafuna nguo zako kwenye kamba? Hapa mvua imenyesha siku tisa mfululizo na watu wanaendelea na shughuli zao kama vile hakuna aliyewaarifu.

Kazi inakwenda. Nagawa sinia za chakula pale hospitali kubwa ya Jette, ghorofa ya nne. Mwenzangu wa zamu ni yule Mwadi wa Lubumbashi niliyekuandikia habari zake, mwenye kicheko kinachosikika hadi kwenye lifti.

Sasa keti vizuri. Shangazi, nimepata mtu.

Anaitwa Naim. Yuko chini, kwenye chumba cha kufulia, anasukuma mikokoteni ya mashuka. Ni Mwarabu wa Ahwaz, mji ulioko Iran. Kifaransa chake ni cha kuombea maji tu na Kiswahili hajui, kwa hiyo tunaongea Kiarabu: yeye cha nyumbani kwao, mimi kile cha chuoni kwa Maalim Abdul-Aziz. Sasa Kiarabu changu chote, unajua, ni cha Kurani. Siku ya kwanza nilitaka kumwambia asogeze mkokoteni nipite. Nikamwambia, kwa lafudhi safi kabisa, aniongoze njia iliyonyooka. Alicheka hadi akakaa juu ya mashuka. Akasogeza mkokoteni, na mimi sikupita.

Anataka kuposa. Nimemweleza kwamba kwetu mwanamume hajiposei, akasema hata kwao ni vivyo hivyo. Baba yao amefariki. Wa kuposa ni kaka yake mkubwa, Khalaf, mwalimu wa shule. Kwa sasa Khalaf hayupo nyumbani. Akipata nafasi ataandika. Barua zao hupitia kwenye duka la binamu yao Dubai, kwani posta ya kwao ni nzito. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii, huenda baba mdogo akapenda kuwasalimu.

Wiki hii nimepanda tramu ya kwenda upande mwingine mara mbili. Niombee dua.

Mwanao,
Tasnim


Buyenzi, Bujumbura
2 Novemba 1992

Mwanangu Tasnim,

Nilikuwa nimesimama. Nani anasoma barua ameketi na maandazi yako motoni? Karai zima limeungua na lawama ni yako. Sisi hatujambo. Jino la Ibrahim limeng'olewa na sasa anatuonyesha pengo kama mtoto. Mbuzi wamekula gauni la Jamila wa nyumba ya pili, si langu, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Nimesoma habari zako mara tatu. Ya kwanza nilicheka, ya pili nililia, ya tatu nikaanza kuuliza maswali, na hayo ndiyo haya.

Iran si kwa Waajemi? Huyo Mwarabu aliingiaje huko? Jamila, ambaye hajafika hata Gitega, anasema Waarabu wako pale tangu zamani, kando ya mto, na tende zao ni nzuri. Sijui kayatoa wapi. Anasalije? Anakula samaki? Ana mke aliyemwacha mahali? Babu yetu aliyetoka Muskati aliulizwa maswali arobaini kabla ya kupewa bibi yetu. Wako ataulizwa themanini.

Mambo mawili yashike. La kwanza: posa ilete mkubwa wake, kwa barua yenye jina lake. Mwanamume anayejiposea ni kama mtu anayejipigia vigelegele. Na katika barua hiyo mkubwa wake anitajie kasoro za huyo kijana, maana mwenyewe hatazisema. Asiyetaja kasoro za ndugu yake anaficha kubwa.

La pili: nyumba yenye kesi hatuozi. Marehemu baba yako alizunguka mahakamani miaka kumi na moja kwa ajili ya kiwanja, na kilichomuua si presha, ni ile kesi. Mimi nikisikia neno hakimu nafunga dirisha.

Na huyo Khalaf "hayupo nyumbani" maana yake nini? Yuko wapi? Mwalimu haendi mbali na chaki yake.

Shangazi yako,
Shamimu


Etterbeek
29 Novemba 1992

Shangazi yangu wa maswali themanini,

Pole kwa maandazi. Mpe Ibrahim salamu zangu na umwambie pengo linampendeza.

Najibu kwa mpangilio. Samaki anakula, tena ananifundisha kumchoma na ukwaju. Mke hana wala hajawahi. Anasali mikono ikiwa pembeni. Nilimuuliza Maalim Abdul-Aziz kwa simu juzi, akasema Mungu hahesabu mikono. Waarabu wa Ahwaz wako pale tangu kabla ya babu wa babu zetu, Jamila amesema kweli, na tende pia ni kweli.

Kuhusu Khalaf, subiri kwanza nikueleze kisa cha Gare du Nord. Jumamosi tulipanga kukutana pale kituoni. Yeye alisimama mlango wa upande wa minara ya ofisi, mimi upande wa pili, kila mtu anamlaani mwenzake kwa kuchelewa. Saa nzima! Mwishowe niliamua kuondoka nikapita katikati ya kituo, na yeye akaamua hivyohivyo, tukagongana mbele ya muuza maua. Yule muuza maua alimpa ua bure, kwa huruma. Nimelikausha ndani ya msahafu.

Mwadi ameniambia, "Ule muntu anakupenda, bon, alors munangoja nini? Ninyi batu ya Bujumbura muko na mambo mingi." Nikamwambia nangoja barua. Akasema kwao Lubumbashi wangekuwa wameshazaa.

Shangazi, hivi mzee mwingine akisimama badala ya kaka, mtakataa? Hapa kuna mzee wa Kimoroko, muuza nyama, mtu mwenye heshima na ndevu za kutosha. Anampenda Naim kama mwanawe. Khalaf ana shughuli nzito, naye hana namna ya kuandika kwa sasa.

Mwanao,
Tasnim


Buyenzi
10 Januari 1993

Tasnim,

Muuza nyama? Mimi nimlete muuza nyama mbele ya wajomba zako? Watauliza amekuja kuposa au kupima kilo.

Huku ni salama. Mvua nzuri, maembe mengi, Jamila ameota kwamba umejifungua mapacha na anataka mmoja aitwe jina lake.

Nimesoma barua yako na nimeona ulivyonizungusha. Nimeuliza yuko wapi, nimepewa kituo cha treni na ua lililokaushwa. Haidhuru. Mtoto wa mjini akikwama, mtu mzima huchukua usukani. Huyo Khalaf ni mvivu, nimeshamjua. Kila ukoo una mtu wa namna hiyo, mwenye shughuli nzito isiyoonekana. Dawa yake ninayo.

Abeid wa mtaa wa saba amekwenda Dubai kununua vitambaa vya kuuza. Nimempa doti ya kanga, ile ya korosho, pindo jekundu na katikati nyeupe, apeleke kwenye lile duka la binamu yao, na wao waifikishe Ahwaz kwa mama wa kijana. Maneno yake nimeyachagua mwenyewe, nimepekua duka zima la Mhindi hadi akanichoka: CHELEWA CHELEWA UTAMKUTA MWANA SI WAKO. Nimemwagiza Abeid awafasirie neno kwa neno, wasije wakadhani ni maua tu. Ndani nimeweka na karatasi: "Kwa Mwalimu Khalaf. Tunasubiri kalamu yako. Au imeisha wino?"

Sasa tuone kama hataandika.

Shangazi yako mwenye furaha zake,
Shamimu


Etterbeek
31 Januari 1993

Shangazi yangu,

Sitaanza na habari za mvua. Nisamehe. Nilikudanganya, na kwa kukudanganya nimewatia watu hatarini.

Khalaf yuko gerezani. Alikamatwa Machi mwaka jana. Kule shuleni watoto wa Kiarabu husomeshwa kwa Kiajemi tu, lugha ya mama yao haiandikwi popote. Khalaf alikuwa akiwakusanya watoto wa mtaa wake sebuleni kwao, alasiri, akiwafundisha kusoma na kuandika Kiarabu. Ndiyo hiyo kesi yake. Walichukua madaftari ya watoto ishirini na sita yakawa ushahidi. Alifikishwa mbele ya hakimu mara moja tu, mwezi wa nane. Wakili aliyetafutwa na mama yao aliambiwa asubiri kwenye korido, na alipoitwa ndani ilikuwa asikie hukumu. Amehukumiwa kunyongwa. Shitaka linaitwa kupigana na Mungu.

Wenzake wawili waliohukumiwa siku moja naye wamenyongwa mwezi wa kumi na mbili. Si wao wa kwanza. Naim ana daftari la majina ya Waarabu wenzake wa Ahwaz waliokwenda hivyo, na mengine ni ya watu aliocheza nao mpira. Khalaf amekata rufaa, hakuna aliyemjibu. Hapa Mathieu, fundi wa mashine zetu za kufulia, kila Ijumaa anaandika barua kwa serikali ile kumwombea, anatusainisha sote hadi Mwadi, na Mwadi anatia saini kubwa kuliko wote ili waione.

Ndiyo maana barua zao zinapitia Dubai. Na wewe umewapelekea bahasha ya kigeni na nguo yenye maandishi wasiyoyajua, nyumbani kwa mtu aliyehukumiwa. Wakiikuta watasema ni alama za siri. Naim aliposikia aliketi chini. Kisha, Shangazi, akaniuliza maneno ya kanga yanasema nini, nikamfasiria, akacheka. Alicheka, halafu akageuka ukutani.

Niliogopa ile kauli yako kwamba nyumba yenye kesi hatuozi. Nampenda mtu huyu. Sasa unajua yote. Mkubali muuza nyama, nakuomba, tumalize.

Tasnim


Buyenzi
3 Machi 1993

Mwanangu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimeketi. Safari hii sikuhitaji kuambiwa.

Kwanza nikukanye, maana ni haki yangu. Umenidanganya mimi niliyekunyoa nywele za kwanza. Ungeniambia Oktoba, nisingetuma ile nguo. Sasa mambo ya hasira yamekwisha, kwa upande wako.

Kwa upande wao hayajaisha. Mtu anapiganaje na Mungu? Kwa chaki? Maalim Abdul-Aziz amefundisha watoto wa Buyenzi alifu-bee-tee miaka thelathini, na Mungu hajamlalamikia hata siku moja. Hiyo kauli yangu ya kesi nilikuwa nasema kesi za watu wenye makosa na viwanja. Kesi ambayo wakili anasubiri kwenye korido si kesi, ni watu wamekubaliana. Baba yako alizungushwa miaka kumi na moja, nikadhani hakuna ubaya zaidi ya mahakama inayochelewa. Kumbe kuna inayofanya haraka.

Nimeona aibu ya yale maneno yangu ya wino. Nimeona aibu sana. Nilimwita mvivu mbele ya Jamila, nikalazimika kwenda kwake kuyafuta, na Jamila akalia hadi nikamchemshia chai.

Lakini muuza nyama simtaki. Nisikilize vizuri, mwanangu, maana utaniona mkaidi. Kaka mkubwa yuko hai. Nikimpokea mtu mwingine kwa nafasi yake, nitakuwa nimemzika mimi, kabla ya wale. Siwezi. Waambie hao wa Brussels wenye kusaini wasaini, na mimi huku nangoja kalamu ya Khalaf. Akikaa miaka mitano, utaolewa una mvi, tutakupaka hina.

Abeid hajarudi. Kila nikisikia gari mtaani natoka nje.

Shangazi yako,
Shamimu


Etterbeek
18 Aprili 1993

Shangazi, Shangazi, Shangazi!

Salamu, hamjambo, sijambo, Ibrahim, Jamila, mbuzi, wote! Kanga imerudi!

Imerudi nusu. Ngoja nipumue nikueleze.

Binamu wa Dubai aliifungua ile bahasha, karatasi yako akaichoma, akaandika tafsiri ya maneno ya kanga kwenye kipande kidogo, akampa msafiri mmoja pamoja na nguo. Ikafika kwa mama yao. Sasa mama yao, kila mwezi huruhusiwa kumpelekea Khalaf nguo safi, kuchukua chafu na kusema naye dakika chache. Shangazi, akafungia nguo ndani ya kanga yako! Mlinzi akauliza haya maandishi ni nini. Mama akasema ni zawadi ya upande wa mchumba wa mwanangu, nguo za kike za Afrika huandikwa. Mlinzi akacheka, akaita wenzake waje waione, akapitisha. Sisi huku tumekosa usingizi miezi miwili kwa hofu, na kumbe korosho zako zimeingia gerezani zikitazamwa kama bibi harusi.

Mwezi uliofuata akarudishiwa nguo chafu, zimefungwa ndani ya kipande kimoja, nacho kikatufikia kupitia Dubai. Kingine Khalaf amebaki nacho. Na kwenye ule weupe wa katikati, upande wa ndani, kwa kalamu ya wino wa buluu, ameandika. Nakufasiria neno kwa neno:

"Kwa wazee wa Tasnim wa Bujumbura. Mimi ni Khalaf, mwalimu. Nimeketi mahali ambapo siwezi kuja kubisha hodi kwenu, basi nabisha kwenye nguo yenu wenyewe. Namposea ndugu yangu Naim binti yenu. Nimeambiwa mnataka kasoro zake. Anakoroma. Hawezi kupita penye paka bila kuongea naye. Alipokuwa na miaka tisa alivunja redio ya baba, na mimi nikapigwa, sijadai. Hasemi uongo, na hilo litawasumbua. Nguo yenu inasema nisichelewe. Mimi mambo yangu yote huku yanakwenda haraka: kesi yangu ilikwisha chai ya hakimu haijapoa. Mkitaka mtu asiyechelewa mmempata. Nipeni jibu. Kipande cha pili nimekizuia kama rehani mpaka mnijibu."

Naim aliisoma pale chini, mashine zote zinanguruma, akaisoma tena kwa sauti, akamkumbatia Mathieu, akamkumbatia mzee wa stoo, akalikumbatia na furushi la mashuka. Mwadi akapiga vigelegele kwenye korido mpaka muuguzi mkuu akatoka. Mwadi akamwambia, "Madame, pardon, ni mariage." Muuguzi mkuu naye akapiga makofi.

Émérance, yule binti wa kina Donat, anakuja likizo Bujumbura. Nimempa kanga mkononi pale Gare du Nord, treni ya uwanja wa ndege ikiwa tayari kuondoka, na nimemwapisha asiiweke kwenye begi la chini. Ataileta kwako mwenyewe.

Jibu, Shangazi. Jibu upesi!

Tasnim wako


Buyenzi
20 Mei 1993

Mwanangu, bibi harusi,

Émérance amefika, kanga imefika, mtaa mzima umefika. Binti huyo alizunguka kwanza kwa ndugu zake mwezi mzima, ndipo leo akabisha hodi.

Nilimwita Maalim Abdul-Aziz aisome, maana sikutaka kukosa hata nukta. Alivaa miwani miwili. Alipofika pale penye redio wajomba zako walicheka, na alipofika penye chai ya hakimu wakavua kofia. Nimeposea na kuozesha watu kwa miaka mingi, posa nimezipokea kwenye sinia za fedha na kwenye makaratasi yenye manukato. Sijapata kupokea posa kama hii. Ibrahim alisimama, akasema kwa sauti ya kiwalii kabisa, "Tumekubali." Pengo lake halikuonekana hata kidogo.

Siku hizi nchi nzima hapa inaimba kwa ajili ya uchaguzi, magari yanapita na vipaza sauti. Vigelegele vyetu vilivishinda. Kijana mmoja wa kampeni alisimamisha gari akauliza tunampigia nani. Jamila akamjibu, "Khalaf." Akaandika jina, sijui alikwenda kulitafuta chama gani.

Jibu hili hapa, Abeid ataondoka nalo kesho kutwa. Mfasirie Naim naye:

"Kwa Mwalimu Khalaf. Binti ni wenu. Kukoroma tumesamehe, paka tumesamehe. Mimi niliyeuliza kama wino umeisha naomba radhi. Rehani kaa nayo, usiirudishe. Utaileta mwenyewe siku ya kuja kutusalimu, ukiwa umeifunga kiunoni ukipenda, Buyenzi hatutakucheka sana. Shamimu, shangazi wa binti."

Harusi ni Septemba. Anza kupaka liwa.

Shangazi yako,
Shamimu


Etterbeek
6 Juni 1993

Shangazi yangu,

Barua yako ya furaha imefika jana. Naim nimemfasiria yote.

Khalaf wamemnyonga tarehe 11 Mei, alfajiri. Siku ile mnapiga vigelegele alikuwa ameshakwenda siku tisa. Mama yake hakuambiwa kabla. Alikwenda na nguo safi kama kawaida, wakampa mfuko. Mwili hawakumpa, wala kaburi hawakumwonyesha. Na wamemwonya: hakuna tanga, hakuna kisomo, hakuna mtu kulia mlangoni. Akikaidi, watamchukua mwanawe wa mwisho, mdogo wake Naim aliyebaki nyumbani. Kwa hiyo ameketi ndani, majirani wanapita wanamsalimu kana kwamba hakuna kitu.

Kwenye mfuko kulikuwa na shati, suruali na miwani. Kipande cha pili cha kanga hakikuwemo. Mama amesema basi ameondoka nacho.

Naim hajakosa kazini hata siku moja. Anakunja mashuka. Mathieu anakunja naye. Jana ameniuliza jambo, nikaahidi nitakuuliza wewe: mposaji akifa, posa inabaki? Anasema kama imeanguka hatakulaumu, wala hatakwenda kumtafuta muuza nyama. Shangazi, nina huzuni hata sijui niiweke wapi.

Tasnim


Buyenzi
1 Julai 1993

Mwanangu Tasnim, na wewe mwanangu Naim, maana leo nawaandikia wote,

Poleni. Nimeandika neno hilo nikaliangalia, ni dogo, lakini ndilo tulilonalo.

Naim, wewe hujanijua, kwa hiyo nikwambie: mimi mtu akinikataza kitu, ndipo naanza. Nilipoisoma ile barua nilifunga jiko, nikatoka mlangoni, nikalia. Mlangoni hasa, pale barabarani, kwa sauti yote, kile kilio alichokatazwa mama yako. Jamila akatoka akauliza nani, nikamwambia mkwe wetu, akakaa chini akaunga. Wakaja wa mtaa wa saba, wakaja wa mtaa wa tisa. Mtu ambaye hakumjua Khalaf alimjua siku hiyo.

Tumemwekea tanga siku tatu, tumemsomea hitima msikitini. Maalim Abdul-Aziz aliwaleta wanafunzi wake wote, na nikamwomba kitu kimoja: waje ishirini na sita kwanza, na madaftari yao. Wakaketi mbele, wakasoma. Pilau nilipika mwenyewe, Jamila akatia chumvi mara mbili kwa sababu ya machozi, na watu wakaila hivyohivyo. Aliyenung'unika ni Ibrahim peke yake, na nilimtazama akachukua tonge jingine. Siku zote tatu ile nusu ya kanga niliitundika ukutani, maandishi yake yanaonekana, na kila aliyejua kusoma alisimama akaisoma hadi penye redio, akacheka, akafuta macho. Mwambie mama yako hivyo, kwa njia yoyote mtakayopata. Mwambie mwanawe ameliliwa, na watu wasiohesabika, na kwa sauti.

Sasa swali lako. Posa ni neno la mtu, na neno likishafika haliulizi kama msemaji yuko hai. Yeye aliuliza, sisi tumejibu. Harusi ni Septemba, kama nilivyosema. Ibrahim anatuma uwakili wake kwa barua. Muuza nyama sasa namkubali, asimame shahidi, si mposaji, na ndevu zake zote.

Tasnim, usinunue kanga mpya ya harusi. Nakurudishia ile nusu kwa mkono wa Émérance, anayerudi huko wiki hii. Utaivaa hivyo, kipande kimoja, na wakikucheka huko kwa kuvaa doti isiyotimia, waambie kipande cha pili amekivaa mwenye kuposa.

Na yale maneno yaliyoandikwa pindoni, nimeyawaza sana; nilifikiri niyakate kwa mkasi, nikaona hapana. Naim, siku ya harusi yasome, kisha ujue shangazi wa mkeo ameyajibu. Kaka yako hakuchelewa. Mwana ni wenu.

Shamimu